Bastola iliyouzwa, leseni isiyorudi: Majuto ya silaha Hillbrow

Anayeuza bastola yake Afrika Kusini huuza vitu viwili kwa mpigo: chuma na leseni. Chuma kinaweza kununuliwa tena hata kesho, mfuko ukiruhusu. Leseni haiuzwi dukani. Ikishafutwa katika rajisi ya polisi kule Pretoria, anayeitaka tena huanza upya, kuanzia mafunzo hadi alama za vidole, na anaweza kukataliwa bila kujali kwamba aliwahi kuwa nayo miaka 30. Ndiyo maana majuto ya silaha katika mtaa wa Hillbrow, katikati ya Johannesburg, huelekea kwenye karatasi kuliko kwenye mtutu, kwa aliyeuza na kwa ambaye hakununua kamwe.

Hillbrow ni mtaa mdogo wa maghorofa marefu yaliyobanana, chini ya mnara wa simu wenye urefu wa mita 269 uliokamilika mwaka 1971. Jirani yake, upande wa Berea, limesimama jengo la mviringo la Ponte, ghorofa 54, lililomalizika mwaka 1975. Chini ya sheria za ubaguzi wa rangi, huo ulikuwa mtaa wa Wazungu: wastaafu, wahamiaji kutoka Ulaya, vijana waliokuja mjini kuanza kazi. Katika miaka ya 1980 Waafrika, Wahindi na machotara walianza kupanga humo kinyume cha sheria, na wenye nyumba wakafumba macho kwa sababu kodi ilikuwa inaingia. Muongo uliofuata Wazungu wengi walihama. Waliochukua nafasi zao walitoka majimbo ya vijijini, kisha Msumbiji, Zimbabwe, Nigeria, Kongo na Tanzania. Leo mtu akipita barabara ya Quartz anaweza kusikia Kiswahili cha Lubumbashi na cha Dar es Salaam kabla hajafika kona ya pili.

Wakati wa wapangaji wale wa kwanza, silaha ilikuwa jambo jepesi kwa Mzungu. Sheria ya Silaha na Risasi ya mwaka 1969 ilitoa leseni ya maisha: mtu aliomba mara moja, akapewa, na habari ikaishia hapo. Mwafrika hakuwa na njia hiyo. Kwa miongo mingi dola iliona bunduki mikononi mwake kuwa uasi unaosubiri siku. Hofu ya uchaguzi wa Aprili 1994 iliwasukuma wengi kununua, na mwishoni mwa miaka ya 1990 rajisi ya polisi ilikuwa na silaha takribani milioni 4.5 mikononi mwa raia. Miaka hiyohiyo zaidi ya silaha 20,000 zilikuwa zikiripotiwa kupotea au kuibwa kila mwaka. Nyingi ya bastola zilizotumiwa na wanyang'anyi wa Johannesburg zilianza safari yake kihalali, ndani ya droo ya kitanda cha mtu mwenye leseni.

Wapo walioona mapema kwamba mambo hayawezi kuendelea hivyo. Peter Storey, mchungaji wa Kimethodisti aliyehudumu katikati ya Johannesburg, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kampeni ya kuwaomba watu wasalimishe silaha kwa hiari tarehe 16 Desemba 1994. Silaha zilizoletwa zilikuwa chache mno, lakini kutokana na juhudi hiyo lilizaliwa shirika la Gun Free South Africa, ambalo miaka sita baadaye lilikuwa na sauti kubwa wakati Bunge linapitisha Sheria ya Udhibiti wa Silaha, namba 60 ya mwaka 2000.

Sheria hiyo ilianza kutumika kikamilifu Julai 2004. Umri wa chini ni miaka 21. Kabla ya leseni kuna cheti cha umahiri, kinachotolewa baada ya mafunzo, mtihani na uchunguzi wa polisi kuhusu tabia ya mwombaji. Silaha ya kujilinda, chini ya kifungu cha 13, ni moja tu kwa mtu, na leseni yake hudumu miaka 5. Za uwindaji na michezo hudumu miaka 10. Risasi zisizidi 200 kwa kila silaha. Lazima kuwe na sefu ya kiwango maalumu iliyofungwa kwa boliti ukutani au sakafuni, na afisa wa silaha wa kituo ana haki ya kuja kuiona.

Sharti hilo la sefu linaonekana dogo mpaka lifikishwe ndani ya nyumba yenyewe. Katika majengo mengi ya Hillbrow fleti ya vyumba viwili hukaa familia nne, kila moja nyuma ya pazia au ubao wa plaiwudi. Ukuta ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba hatoi ruhusa ya kutoboa. Ubao haushiki boliti. Hata kama mwombaji ana fedha, tabia njema na sababu ya kutosha, hana mahali pa kufunga sefu ambapo jirani wa upande wa pili wa pazia hatajua iko wapi. Kwa wapangaji wa namna hiyo mjadala wa kununua au kutonunua huishia kwenye tundu la boliti.

Majuto makubwa ya wauzaji yalianza na mpito. Wenye leseni za zamani walitakiwa kuomba upya kwa zamu kulingana na mwezi wa kuzaliwa, kuanzia mwaka 2005 hadi Machi 2009. Aliyekuwa na bastola tatu za kujilinda aliambiwa achague moja. Mzee mjane aliyerithi bunduki ya marehemu alitakiwa aende darasani kwanza. Gharama za mafunzo, vyeti, picha na sefu zilipita thamani ya bastola kuukuu, na kwa kuwa kila muuzaji alikuwa akiuza kwa sababu ileile na wanunuzi nao walikwama kwenye foleni ya leseni, soko la silaha zilizotumika lilidorora na maduka mengi ya silaha yakafungwa. Kipindi cha msamaha cha mwaka 2005, kilichoanza Januari na kuongezwa hadi Juni, kiliwapa njia ya mkato: peleka kituoni, weka sahihi, ondoka. Wengi walifanya hivyo wakaondoka bila senti. Australia, baada ya mauaji ya Port Arthur ya mwaka 1996, ilikusanya silaha zaidi ya 600,000 na kuwalipa wenyewe. Afrika Kusini ilichagua kutolipa kwa namna hiyo, na uamuzi huo umewaachia waliotii kinyongo ambacho hakijaisha.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu alizaliwa Juni 2009. Chama cha wawindaji kilikwenda Mahakama Kuu ya Pretoria kupinga utaratibu wa kuhuisha leseni, na mahakama ikatoa amri ya muda kwamba leseni za zamani zibaki halali mpaka kesi ya msingi isikilizwe. Kwa hiyo aliyekaidi, aliyesahau na aliyeahirisha wote walilindwa. Aliyetii akauza kwa bei ya kutupa, au akasalimisha kituoni, hakuwa na kitu cha kulindwa. Ni nadra sheria kumwadhibu mtiifu waziwazi kiasi hicho, na mwenye silaha yeyote wa umri fulani Johannesburg hukumbuka mwaka aliouza kwa kuuhesabu kutoka hapo: kabla ya amri, au baada yake.

Historia ya nchi hiyo ina kisa kilichotangulia. Katika miaka ya 1870 vijana wa Kisotho walifanya kazi kwenye machimbo ya almasi ya Kimberley na kurudi nyumbani na bunduki walizonunua kwa mishahara yao. Mwaka 1878 serikali ya koloni la Cape ilitunga sheria ya kuwanyang'anya. Waliokubali kuzisalimisha walijikuta wakishambuliwa na wenzao na kupoteza mifugo. Waliokataa walipigana kuanzia mwaka 1880, Cape ikashindwa kuwatiisha, na mapatano ya mwaka 1881 yaliwaachia bunduki zao kwa sharti la kulipia leseni. Mtu akijua kisa hicho hashangai kwamba tangazo la polisi la kusalimisha silaha hupokewa Afrika Kusini kwa tahadhari, tena na watu wa rangi zote.

Suala la leseni zilizokwisha muda lilirudi tena miaka ya 2010. Sheria inataka ombi la kuhuisha lifike siku 90 kabla ya leseni kwisha. Aliyechelewa hana tena leseni, na bila leseni anakuwa na silaha kinyume cha sheria, kosa linaloweza kumfunga hadi miaka 15, huku polisi wakikataa kupokea ombi lake lililochelewa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Pretoria ilisema vifungu hivyo vinapingana na Katiba. Tarehe 7 Juni 2018 Mahakama ya Katiba ilitengua uamuzi huo, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Johan Froneman: kumiliki bunduki si haki ya kikatiba, mwenye leseni anajua inakwisha lini, na muda ukipita anapaswa kusalimisha silaha. Mahakama hiyo inakaa Constitution Hill, palipokuwa ngome na gereza, ukingoni kabisa mwa Hillbrow. Barabara ya Kotze inayokatiza mtaa hupita kando yake. Hukumu iliwakuta mamia ya maelfu ya wenye silaha wakiwa na leseni zilizokufa.

Serikali ilifungua msamaha mwingine kuanzia Desemba 2019 hadi Mei 2020, na kwa kuwa katikati yake watu walifungiwa majumbani kwa ajili ya korona, ukatolewa wa pili kuanzia Agosti 2020 hadi Januari 2021. Safari hii aliyesalimisha aliweza kuomba leseni mpya ya silaha ileile, nayo ikakaa kwa polisi akisubiri jibu. Kwa maneno mengine, alitakiwa kuamini ghala la polisi.

Imani hiyo ilikuwa na dosari inayojulikana. Kanali Christiaan Prinsloo wa polisi wa Gauteng alikuwa mmoja wa wasimamizi wa silaha zilizosalimishwa na kukamatwa, ambazo zilipaswa kuyeyushwa. Badala ya kuziharibu aliziuza. Mwaka 2016 alikiri makosa akahukumiwa miaka 18 jela. Silaha zilizopita mikononi mwake zilikuwa karibu 2,000, na wachunguzi walizihusisha na mauaji zaidi ya 1,000 katika mitaa ya magenge ya Cape Town. Kwa mtu aliyeipeleka bastola ya baba yake kituoni akiamini inakwenda kwenye tanuri, huo ni uzito wa aina nyingine: hakupoteza mali tu, bali hajui mali hiyo ilimuua nani. Kisha, msamaha wa korona ukiwa umemalizika si muda mrefu, ikabainika kwamba silaha 158 zimetoweka katika ghala la kituo cha polisi cha Norwood, kilomita chache kutoka Hillbrow.

Kati ya silaha zilizouzwa, zinazoliliwa zaidi ni zile zisizotengenezwa tena. Juu kabisa zipo Mauser za mwaka 1896, zilizoagizwa Ujerumani na jamhuri ya Paul Kruger na kutumika katika vita dhidi ya Waingereza vya 1899 hadi 1902. Nyingine zina jina la mwenyewe alilolichonga kwa kisu kwenye kitako. Zipo Lee-Enfield za .303, bunduki za kuwindia za Musgrave za Bloemfontein, na bastola za Vektor za nchini humo, zikiwemo Z88 zilizobebwa na polisi. Kisheria mrithi angeweza kuomba leseni, au kuilemaza silaha na kuitundika ukutani kama pambo. Wengi hawakuambiwa hivyo dirishani. Walioondoka kwenda kuishi ng'ambo walikuwa na chaguo dogo zaidi. Uingereza ilipiga marufuku bastola nyingi mwaka 1997 baada ya mauaji ya watoto wa shule ya Dunblane, kwa hiyo bastola ya aliyehamia London ilibaki Johannesburg hata kama mwenyewe aliipenda kuliko meza ya mama yake.

Uuzaji wenyewe siku hizi hufanyika dukani. Mwenye silaha huileta ikiwa tupu, muuza silaha husoma namba iliyochongwa kwenye chuma, huilinganisha na ile ya leseni tarakimu kwa tarakimu, huiandika kitabuni na kuifungia. Mnunuzi hulipa kisha huondoka mikono mitupu, kwani haruhusiwi kuigusa kama mali yake mpaka leseni yake itoke Pretoria, jambo linaloweza kuchukua miezi. Muuzaji akijuta wiki ya pili bado anaweza kubembeleza. Baada ya leseni ya mwenzake kutoka, hana la kusema.

Majuto ya kutonunua yana sura nyingine kabisa, na kwa Hillbrow ya leo ndiyo yenye watu wengi zaidi. Cheti cha umahiri hutolewa kwa raia wa Afrika Kusini au mwenye kibali cha ukaazi wa kudumu, basi. Mwomba hifadhi, mkimbizi mwenye hati halali, Mtanzania mwenye duka na viza ya biashara, wote wako nje ya mlango. Anayesema angalinunua bastola mwaka ule biashara ilipokuwa nzuri anajutia kitu ambacho hakikuwahi kuuzwa kwake kihalali. Kilichokuwapo ni bastola ya magendo yenye namba iliyokwaruzwa, na hiyo humletea mwenyewe kifungo, na baada ya kifungo kufukuzwa nchini.

Hata njia ya kuibeba silaha ya mwajiri ilizibwa. Ulinzi wa maghorofa na maduka ulikuwa ajira ya wakimbizi wengi kutoka Kongo na Maziwa Makuu. Sheria ya ulinzi binafsi ya mwaka 2001 ilitaka mlinzi awe raia au mkaazi wa kudumu, na mamlaka ya sekta hiyo ikawakatalia usajili. Umoja wa wanawake wakimbizi pamoja na wakimbizi wengine walifika Mahakama ya Katiba. Desemba 2006 majaji wengi waliwakatalia, wakisema ulinzi ni kazi nyeti na kwamba anayestahili anaweza kuomba ruhusa maalumu. Majaji waliopinga waliona huo ni ubaguzi dhidi ya watu ambao nchi imekubali kuwahifadhi. Hoja ya wachache inaonekana kuwa na nguvu zaidi: mkimbizi hakuchagua kukosa kibali cha kudumu, na foleni ya kukipata haiko mikononi mwake.

Mei 2008, ghasia dhidi ya wageni zilipoanzia Alexandra na kusambaa mjini, watu 62 waliuawa. Kila zinapozuka tena swali la silaha huibuka: je, bastola moja ingesaidia? Jibu la haki ni kwamba mbele ya umati wenye mapanga, mawe na petroli, bastola yenye risasi chache huwapa washambuliaji sababu ya kutorudi nyuma, na baadaye humpa polisi sababu ya kumkamata aliyeshambuliwa. Waliookoka walisaidiwa na kukimbia mapema, na majirani waliofungua milango, na makanisa na vituo vya polisi walikolala sakafuni.

Kwa uhalifu wa kawaida ushahidi hauwapendezi wanaojuta. Mtafiti Antony Altbeker alipitia majalada ya polisi ya Alexandra na Bramley, mitaa ya Johannesburg, ya miezi ya mwanzo ya mwaka 1997. Alikuta kwamba mwenye bunduki aliyevamiwa alikuwa na uwezekano takribani mara nne zaidi wa kunyang'anywa kuliko kuitumia kujilinda. Mvamizi huchagua saa, mahali na upande wa kutokea; mwenye bastola hana hata nafasi moja kati ya hizo. Watafiti waliolinganisha vifo katika miji mitano, Johannesburg ikiwemo, kati ya mwaka 2001 na 2005 walikadiria kwamba sheria mpya ilihusika kuokoa maisha ya watu zaidi ya 4,500. Hesabu hizo ni za miji mizima, na hazimfariji mama aliyevunjiwa mlango usiku mmoja na kuona kwamba angekuwa nayo angeweza kufanya kitu. Lakini mama huyo naye mara nyingi huhesabu usiku mmoja, na kuacha nje usiku mwingine wote ambao bastola ingekaa ndani pamoja na mume mlevi na watoto wadadisi.

Mei 2021 wasiotaka kujuta walipata sababu ya kuharakisha. Serikali, Bheki Cele akiwa waziri wa polisi, ilichapisha rasimu ya marekebisho iliyopendekeza kuondoa kujilinda kama sababu halali ya kumiliki silaha. Wenye silaha, vyama vya upinzani na kampuni za ulinzi waliipinga kwa kelele kubwa. Julai mwaka huohuo ghasia za uporaji zikalipuka KwaZulu-Natal na Gauteng, na hoja ya serikali kwamba polisi watatosha ikakosa wasikilizaji. Rasimu haikuwa sheria. Kifungu cha 13 kimebaki kama kilivyokuwa: silaha moja kwa mtu mmoja, kwa miaka 5, na ombi la kuhuisha liwe limefika kituoni siku 90 kabla.